Namba Tatu Anatoka

Anayetaka kuamini haya na aamini. Asiyetaka aje uwanjani aniulize, nipo nyumba ya kufulia, mlango wa pili ukishapita choo cha waamuzi. Jina langu Bi Tausi. Jezi za timu ya Imara nazifua mwaka wa ishirini na sita sasa, na mtu akifua jezi muda wote huo hana haja ya kuambiwa habari za timu. Anazinusa.

Niseme kwanza habari za nchi yetu, maana wageni huwa hawaielewi. Nchi yetu ina bahati. Ina Mlezi mmoja, tunaye miaka thelathini na moja, na hajatuchoka. Wizara tunazo kumi na tisa, na kubwa kuliko zote ni Wizara ya Utulivu, ambayo ndiyo yenye redio, magereza na timu ya mpira. Nchi nyingine zinahangaika na uchaguzi, mara huyu, mara yule, fujo tupu. Sisi tulichagua vizuri mara moja, tukapumzika.

Sasa mpira wetu nao ulikuwa kama mpira wa watu wote mpaka ile fainali ya miaka kumi na tisa iliyopita. Mlezi alikuja kutazama. Dakika ya sabini meneja akamtoa nahodha, mtu mzima aliyekuwa amechoka, ulimi nje. Akamwingiza kijana. Kibao kikainuliwa, nahodha akatoka, watu wakampigia makofi. Kijana akaingia, watu wakapiga makofi zaidi. Kijana akafunga bao. Hapo uwanja ulipasuka kwa kelele.

Mlezi hakumaliza chai yake.

"Yule aliyetoka ana kosa gani?" akamuuliza mtu wa pembeni yake.

"Hana kosa, Mlezi. Alichoka tu."

"Na hawa watu wanafurahia nini?"

Mtu wa pembeni alikuwa na watoto sita wa kusomesha. Akamsogezea sukari.

Asubuhi yake ukasomwa redioni Waraka wa Utulivu Viwanjani. Ulisema kwamba kumwondoa mtu mahali pake mbele ya hadhara, huku hadhara ikifurahi, ni mafunzo mabaya kwa jamii. Hivyo kuanzia siku hiyo hakuna mchezaji wala kiongozi wa mchezo atakayetolewa nafasi yake angali hai. Kadi nyekundu waliiacha, kwa sababu hiyo ni adhabu, na adhabu serikali haijawahi kuipinga.

* * *

Basi timu yetu ikatulia. Ilitulia sana. Kipa wetu leo ana miaka hamsini na mmoja na miwani yake imefungwa kwa mpira wa suruali. Mshambuliaji wetu wa kati ana meno ya bandia, na mara mbili mechi imesimamishwa tukiyatafuta kwenye nyasi. Mzee Kilumbi, aliyekuwa beki wa kushoto, namba tatu, alifariki miaka miwili iliyopita dakika ya sitini na nane, na walimwacha pale pale mpaka cheti cha kifo kilipoletwa kwa pikipiki. Redio ilisema alionyesha nidhamu kubwa ya kutokuvuka mstari.

Lakini wa kwanza kuonja Waraka ule alikuwa Hamduni Kitogo, aliyeitwa Pangaboi. Kama hukumwona akicheza, pole yako. Aliitwa jina la feni ya darini kwa jinsi alivyokuwa anawazungusha mabeki mpaka wanakaa chini wenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, namba kumi mgongoni. Wiki tatu tu baada ya Waraka, dakika ya ishirini, alikanyagwa goti. Mimi nilikuwa nimekaa na beseni langu kando ya mstari, nikalisikia goti lile. Sauti yake kama mtu anavunja muwa.

Hakutolewa. Alisimama kwa mguu mmoja dakika sabini, ameshika nguzo ya goli, jasho linamtoka na machozi yanamtoka, huwezi kujua lipi ni lipi. Mechi ilipokwisha goti lilikuwa limevimba kama tikiti, na tangu siku ile halikukunjika tena. Serikali ilimpa cheti cha Uvumilivu, chenye fremu.

Namba yake haikupewa mtu, maana yeye yu hai. Tumecheza watu kumi miaka kumi na tisa. Jezi namba kumi nimeifua kila Jumatatu na haijavaliwa na mtu. Imechakaa kwa sabuni tu.

* * *

Mwaka jana meneja wetu wa zamani alifariki, Mungu amrehemu, ana miaka themanini na mitatu. Alifia kwenye benchi, na kwa jinsi alivyokuwa mtulivu tuligundua mechi ya tatu. Nafasi ikawa wazi, na nafasi kwetu hufunguliwa na Mungu tu, kwa hiyo watu waliigombania kwa heshima. Mwisho wakampa Pangaboi. Kwamba bado ameandikwa pia kama mchezaji haikuwa shida. Mtu kuwa na vyeo viwili kwetu ndiyo kawaida, mwenye kimoja ndiye anayeulizwa amekosana na nani.

Siku ya kumkabidhi, alikuja Bwana Pontian Mangwela, Mkurugenzi wa Idara ya Kubaki kutoka Wizara ya Utulivu. Ni mtu mnene, mkarimu, sauti yake inafika kabla yake.

"Tunakukabidhi timu hii," alisema, "si kwa ajili ya kuibadilisha, bali kwa ajili ya kuiendeleza hapo ilipo! Imara imekuwa ya mwisho kwenye ligi miaka kumi na minne mfululizo. Huo, ndugu zangu, ndio msimamo!"

Tukapiga makofi tukiwa tumekaa. Kusimama hakukuwa kwenye ratiba.

Jioni Pangaboi alikuja nyumba ya kufulia, akaburuta ule mguu wake mkavu, akakaa juu ya ndoo.

"Bi Tausi, mimi kombe sitaki."

"Afadhali, mwanangu, maana hutalipata."

Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Nataka kitu kimoja tu. Chini yangu mimi, asiharibiwe mtu mguu. Waende kwao na miguu waliyokuja nayo. Nikishindwa hilo, basi nami nirudi nikashike ile nguzo."

* * *

Mguu wenyewe haukuchelewa kujitokeza. Ulikuwa wa Zuberi Mtunge, aliyeingia namba tatu baada ya marehemu Kilumbi. Zuberi ana miaka ishirini na mitatu, na siku zisizo za mpira ni fundi muashi, anapanda majukwaa ya ujenzi mpaka ghorofa ya tano na ndoo ya zege begani. Kijana ana adabu mpaka inachosha. Humwamkia refa, humwamkia mshika kibendera, na mshambuliaji wa timu pinzani akiwa mkubwa kwake humpa shikamoo kwanza ndipo amnyang'anye mpira.

Wiki mbili kabla ya fainali ya Kombe la Utulivu, goti lake la kushoto likaanza kuvimba. (Mtashangaa timu ya mwisho ilifikaje fainali. Kombe la Utulivu huandaliwa na wizara yetu wenyewe, na mwenyeji huanzia fainali.) Daktari Nasra, daktari wa timu, alilibonyeza, akalibonyeza tena.

"Kuna kano hapa imeshikilia kama uzi," alimwambia Pangaboi. "Apumzike wiki sita nitaifunga, itapona. Akigongwa mara moja kabla ya hapo, huyu hapandi tena jukwaa la ujenzi. Hata ngazi ya nyumbani kwake ataipanda kwa makalio."

Kesho yake Pangaboi akaenda wizarani, akanichukua mimi niwe shahidi, maana wizarani hupokelewi bila mtu mzima asiye na maslahi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba! Bibi, kaa pale penye feni. Haifanyi kazi, lakini pale ndipo mahali pake."

Nikakaa.

"Mheshimiwa, nina mchezaji anaumwa goti," Pangaboi akasema.

"Goti la nani?"

"La namba tatu. Zuberi."

"Sikilizeni nchi hii!" Bwana Mangwela akaegemea kiti, kikalia. "Meneja, mtu akishavaa jezi ya Imara, goti si lake tena. Ni la taifa. Na goti la taifa likiumwa, mimi ningekuwa nimeshaarifiwa."

"Ndiyo nakuarifu."

"Kwa mdomo? Kuna fomu."

Akaitoa kabatini, akaipuliza vumbi. Iliitwa Fomu ya Kuomba Kuondoka kwa Mtu Asiyefariki. Kurasa kumi na moja. Ilitaka picha mbili za goti, moja likiwa limetabasamu. Nilidhani nimekosea kusoma, nami nimeishia darasa la nne, lakini Bwana Mangwela alisema hapana, iko hivyo, hawakutaka kuikosoa mashine ya uchapaji. Ilitaka barua ya atakayeingia, akieleza kwa nini haoni aibu. Mwisho kabisa, sahihi ya Mlezi mwenyewe.

"Tangu fomu hii ichapwe wameijaza wangapi?" Pangaboi akauliza.

"Alianza mmoja. Alifariki akiwa kipengele cha sita, ikabidi tumwondoe kwa utaratibu wa kawaida."

"Na Zuberi asipokuja kabisa siku ya fainali?"

"Huo utakuwa utoro wa taifa. Miaka minne ndani."

Pangaboi akaikunja ile fomu. Bwana Mangwela akamwonea huruma, na nasema kweli, alimwonea. Akainama mezani, akashusha sauti.

"Mwanangu, kwani nani kasema akimbie? Waraka unasema asitolewe. Asimame tu. Nchi hii waliosimama tu ni wengi, na mambo yanakwenda."

"Atagongwa akiwa amesimama, Mheshimiwa. Mimi nilisimama."

"Basi tutawaandikia wapinzani barua wasimguse."

Na kweli wakaandika, ikapigwa mihuri mitatu. Nilisikia baadaye kwamba wale wapinzani, timu ya nchi jirani, waliisoma kwa sauti kwenye chumba cha kuvalia, na hapo ndipo walipojua goti lipi ni bovu.

* * *

Siku ya fainali mchezo ulipangwa saa tisa alasiri, jua bado linachoma. Watu elfu thelathini. Mlezi alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, kwa kuwa hapendi kukalia kiti cha mtu mwingine. Jukwaa kuu lilijaa mawaziri wote kumi na tisa, kila mmoja akimtazama yeye ili ajue acheke lini.

Sheria za kimataifa zinataka kila timu iandike majina saba ya wachezaji wa akiba. Sisi hatuna akiba, lakini benchi tunalo, tena lina kivuli, ndipo wizara ilipoandika maofisa wake saba wakae pale. Bwana Mangwela alikuwa namba kumi na nne, suti ya kijivu, tai nyekundu. Meneja alikosa pa kukaa, akageuza ndoo yangu akakaa kando ya beseni, mimi na yeye tunaungua pamoja.

Kabla ya mchezo alimwita Zuberi.

"Unasimama kwenye mstari wako. Mpira ukija, uache upite."

"Sawa, meneja. Lakini akija mtu?"

 Pangaboi alimfunga tu kamba ya kiatu, mtu mzima anamfunga mwenzake kiatu, akampiga mgongoni aende.

Dakika ya kumi tukafungwa la kwanza. Dakika ya kumi na tisa, la pili. Mtangazaji wa redio, aliyekuwa nyuma yetu, alisema Imara inatawala eneo lake lote. Dakika ya thelathini na moja winga wao, kijana mrefu mwenye soksi chini, aliuacha mpira kabisa akaenda moja kwa moja kwa Zuberi. Akamgonga, si kwa nguvu sana, kama mtu anayejaribu mlango aone kama umefungwa.

Zuberi akaanguka. Akainuka kwa mguu mmoja.

Daktari Nasra akafika pale mbio, akagusa, akageuka kututazama. Alinyoosha kidole kimoja. Bado imeshika. Kidogo.

Nikamtazama Pangaboi.  Macho yake hayakuwa kwa Zuberi, yalikuwa kwenye nguzo ya goli.

"Kadi," akasema ghafla. "Kadi nyekundu wameiacha!" Akasimama, akaita kwa kelele, "Zuberi! Mtukane refa!"

"Nini, meneja?"

"Refa! Mtukane! Tusi kubwa, akutoe!"

Refa alikuwa mtu wa nchi ya tatu, mfupi, mkali, anajua Kiswahili vizuri. Alikuja akasimama mbele ya Zuberi, mikono kiunoni, anasubiri. Uwanja mzima ukanyamaza usikie.  Zuberi alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Unaona kabisa anayatafuta maneno kwenye kichwa ambacho hayajawahi kuwekwa.

"Refa," akasema, "wewe ni... wewe ni mtu mzima, lakini... nilipokuamkia mwanzo wa mchezo hukuitikia vizuri."

Refa akamtazama muda mrefu.

"Marahaba," akasema, akapuliza filimbi mchezo uendelee.

"Huyo mtoto kalelewa vibaya kabisa!" Pangaboi akasema. Yule winga alikuwa ameshaanza kurudi upande ule, taratibu, anapiga danadana.

Sikuona Pangaboi alipoinama. Niliona tu beseni langu limetikisika na maji yamenimwagikia kangani. Alikuwa ameichomoa jezi ya akiba ya namba tatu, ile ya kipindi cha pili, bado ina povu. Akaishika mabegani kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa chake, namba imetazama uwanjani. Maji yalimchuruzika mikononi mpaka kwapani. Hivyo hivyo, na mguu wake mkavu, akavuka mstari akaingia uwanjani.

Filimbi ikalia. Refa akaja.

"Anatoka nani?"

"Tatu."

"Anaingia nani?"

Pangaboi hakuwa amefikiria hilo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kulifikiria. Refa akatoa karatasi mfukoni, akasoma orodha yetu ya akiba kwa kidole, akasimama kwenye jina la kwanza.

"Kumi na nne. Mangwela, P."

Benchi zima likageuka kumtazama Bwana Mangwela.

"Mimi?"

"Si umeandikwa?" refa akasema.

"Nimeandikwa kwa ajili ya kivuli!"

"Ingia, au nivunje mchezo niandike kwamba timu mwenyeji imegoma mbele ya mkuu wa nchi yake."

Bwana Mangwela akainua macho jukwaa kuu. Mlezi alikuwa anamtazama. Sasa hapa lazima mumwelewe yule mtu. Maisha yake yote aliteuliwa: akateuliwa samaki, akateuliwa reli, akateuliwa utamaduni, na hajawahi hata mara moja kukataa uteuzi mbele ya Mlezi. Hakujua hata unakataliwaje. Akasimama. Akavua koti, akanipa.

"Bibi, lina karatasi za serikali. Lisilowe."

"Halitalowa, Mheshimiwa."

Akakunja suruali mpaka magotini, akafunga vizuri tai, akaingia uwanjani na viatu vya ngozi.

Na Zuberi akatoka. Pangaboi alimpa bega, wakaja pamoja, mmoja anaburuta mguu wa kulia, mwingine ameinua wa kushoto, kati yao wana miguu miwili mizima. Hapakuwa na sauti. Nilisikia viatu vyao kwenye nyasi. Watu elfu thelathini walikuwa wanatazama kitu ambacho wengine hawajawahi kukiona tangu wazaliwe: mtu anatoka mahali pake, na yu hai. Alivuka mstari. Mbingu haikuanguka. Akakaa chini, akaomba maji, akanywa.

Mtu mmoja upande wa mashariki akapiga kofi. Moja tu, kama mtu anaua mbu. Halafu la pili. Halafu jukwaa lote, polepole, wakipishana, kama watu waliosahau jinsi inavyofanywa.

Mlezi akasimama aondoke.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengemaa, sijui niseme vipi. Mawaziri kumi na tisa walimwona Mlezi amesimama huku watu wanapiga makofi. Wao kazi yao ni kumtazama. Wakadhani amesimama kumpongeza. Wakaruka wote juu wakapiga makofi kwa nguvu, wa Utulivu mbele yao, anapiga miluzi. Mlezi akageuka kulia, makofi. Akageuka kushoto, makofi. Njia imezibwa na watu wanaoshangilia.

"Mlezi anaongoza makofi!" redio ikapiga kelele nchi nzima. "Mlezi mwenyewe anamshangilia anayetoka!"

Basi Mlezi naye akapiga. Mawili, matatu. Angefanyaje?

Tulifungwa matano. Bwana Mangwela aligusa mpira mara moja, kwa tumbo, na hilo ndilo lilikuwa la nne. Redio ilisema mechi ilikuwa na mabao mengi.

* * *

Zuberi hawakuweza kumgusa. Mtu aliyepigiwa makofi na Mlezi atakuwaje na kosa? Daktari Nasra akamfunga goti siku ile ile, akamwambia wiki sita asilikunje, tusubiri.

Kwa Pangaboi ilikuwa habari nyingine. Iliundwa kamati ya watu kumi na wawili kumfukuza kazi. Siku ya kwanza walikubaliana wote afukuzwe. Siku ya pili mwanasheria wao akafungua Waraka wa Utulivu Viwanjani akasoma: wala kiongozi wa mchezo hatatolewa nafasi yake angali hai. Wakatazamana. Kumbe hata wakimfunga, meneja atakuwa yeye, akipanga timu akiwa kifungoni. Kuubadili Waraka nao ni kuondoa kitu mahali pake. Walikaa wiki tano. Walikunywa soda nyingi sana.

Mwisho wakapata njia, na asubuhi moja Bwana Mangwela akaenda nyumbani kwa Pangaboi na bahasha. Nilikuwa pale, nimepeleka mashuka ya mkewe, Saumu.

"Meneja," Bwana Mangwela akasema, bado anachechemea tangu fainali, "kwa masikitiko makubwa, umefariki."

"Lini?" Pangaboi akauliza.

"Leo saa nne. Hiki cheti chako. Saini hapa kwamba umekipokea."

"Nimekufa kwa nini?"

"Tumeandika utaratibu."

Saumu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ngoja kwanza, Mheshimiwa. Huyu amekufa?"

"Pole sana, mama."

"Kwa hiyo mimi nikae eda?"

"Mambo ya dini serikali haiingilii."

"Na huyu marehemu chakula chake cha mchana anapika nani? Nyie?"

Bwana Mangwela akatazama viatu vyake. Pangaboi alisaini. Alisaini haraka, nikaona anamzuia mkewe kwa jicho, kwa sababu alikuwa ameshaona kitu ambacho kamati haikukiona. Ameshakuwa marehemu. Hana timu tena, na hana wa kumwomba ruhusa.

Redio ilitangaza msiba saa saba. Serikali ilileta shada la maua, ng'ombe mmoja na hotuba. Majirani wakaja na mikeka, wanawake tukainjika pilau, na marehemu mwenyewe akakaa mlangoni akipokea pole. Watu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Wazee walimwambia, "Pole kwa msiba wako," naye akasema, "Tumeshapoa, karibuni ndani."

Siku ya tatu alasiri, Bwana Mangwela amesimama katikati ya ua anasoma hotuba ya rambirambi ya Mlezi, yupo ukurasa wa nne, penye maneno "pengo lake halitazibika, na tutahakikisha halizibiki," nikaona watu wameacha kumsikiliza. Wamegeuka kutazama barabarani.

Zuberi alikuwa anakuja. Bila fimbo. Bandeji hana. Anatembea polepole, pembeni ya njia, kama mtu aliyebeba bakuli la uji limejaa.

Akafika mlangoni, akavua viatu.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba." Pangaboi hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama goti. "Daktari kasemaje?"

"Amefungua jana. Amesema nije nikuonyeshe wewe kwanza."

"Chuchumaa."

Hotuba ikakatika yenyewe. Zuberi akashusha pumzi, akanyoosha mikono mbele, akaanza kwenda chini. Kidogo. Kidogo tena. Katikati goti lililia, ta, na nikaona vidole vya Pangaboi vimeng'ang'ania mkeka. Zuberi akatulia. Akaendelea. Akafika chini kabisa, akakaa pale kwenye visigino vyake kama fundi anayepima usawa wa tofali. Halafu akapanda juu, bila kushika ukuta, bila kushika mtu.

 Saumu alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Tena," marehemu akasema.

Zuberi akachuchumaa tena.